Swali la Bawabu

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa," alitangaza Inspekta Nasike Wanyama, mikono mgongoni, kidevu juu, sauti akiitoa tumboni kama jaji mwenye minyoo, "na kwa ajili ya haki, elimu na ustaarabu wa dunia nzima, natamka kwamba kuanzia dakika hii ofisi hii ni eneo la uhalifu. Hakuna kitakachoguswa. Hakuna atakayetoka. Ukweli, mabibi na mabwana, leo uta..."

"Wewe," alisema Afande Okwera, mlinzi wa shule, kutoka mlangoni, "chomekea shati."

Ukweli ulisubiri. Inspekta alichomekea shati.

Ikumbukwe kwamba cheo cha Inspekta hakikutoka polisi wala serikalini. Nasike, binti wa kidato cha tano katika Shule ya Sekondari ya Nuru ya Asubuhi, upande wa Kyambogo, alijipa mwenyewe muhula uliopita, alipofichua siri ya kengele iliyokuwa ikilia yenyewe katikati ya vipindi vya hesabu. Aliifichua upesi mno, bila msaada wa mtu, hata walimu wakashangaa mtoto huyu anajuaje mambo kiasi hicho. Kwa hiyo mchana wa leo, balaa lilipoangukia ofisi ya mkuu wa shule, mkono wa Nasike ndio uliokuwa wa kwanza kwenda juu.

Aliyeangukiwa hasa na balaa hilo alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, amekumbatia magoti. Benedicte Kasereka wa kidato cha sita alilala kitanda cha chini, Nasike akilala cha juu, na kwa miaka miwili walikuwa wakigawana sabuni, siri na karanga. Mfuko mmoja wa ufadhili wenye ofisi Nakasero ulikuwa umempa Benedicte nafasi ya kusomea ufamasia chuo kikuu, karo, chakula na malazi. Shule ndiyo iliyompendekeza, na shule ndiyo iliyotakiwa kujibu, kwa barua pepe, kutoka anwani ya shule na si nyingine. Na shule ilikuwa imekaa kimya kama jiwe la kaburi.

Habari zililetwa na Mama Mbambu, mama mdogo wa Benedicte, anayeuza vitenge Kisenyi. Alifika getini akihema: kapigiwa simu, mfuko umeandika mara tatu haukujibiwa, na leo saa kumi na moja jioni nafasi inakwenda kwa mwingine. Kama si mfuko huo, Benedicte angemaliza kidato cha sita na kurudi Kisenyi kukunja vitenge. Hakuwa na mtu mwingine wa kumlipia duniani.

Barua ya kukubali iliandikwa palepale, ikatumwa. Mama Mbambu akarukia boda kwenda Nakasero kuhakikisha imefika. Sasa saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa kumi, na hakuna neno lililorudi.

"Nasike," alisema Madam Aber. Mkuu wa shule huyo alikulia kambi ya jeshi Gulu, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri, kifupi, hakina mapambo. "Nimekupa ruhusa ya kuuliza maswali. Si kuhutubia."

"Ndiyo, Madam. Ombi moja tu la kitaalamu. Uchunguzi wa kisayansi unahitaji utulivu. Naomba wote mtoke nje, niachwe na kompyuta peke yangu kwa muda mfupi."

"Hapana."

"Muda mfupi sana, Madam. Mtu hata hatamaliza chai."

"Okwera, funga mlango."

Ufunguo ulizunguka. Afande Okwera, aliyestaafu jeshi bila jeshi kumstaafu yeye, aliutumbukiza mfukoni na kuegemeza mgongo mlangoni. "Madam nasema hakuna mtu natoka," alieleza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Hata choo. Kama naskia choo, fikiria kitu ingine."

Ofisi ilikuwa ndogo, dirisha lake moja lina nondo, na bati la juu lilikuwa limekusanya jua la siku nzima likawa linalishusha taratibu juu ya vichwa vyao. Kompyuta pekee ya ofisi ilinguruma mezani. Inspekta aliitazama kama mtu anavyotazama maji upande wa pili wa uzio. Kisha akamgeukia karani.

"Shahidi wa kwanza. Bi Moreen, ni lini mara ya mwisho barua pepe ya maana kuingia shuleni hapa?"

"Ai, Inspekta, usiniite shahidi kama vile nimeua mtu." Moreen, Mkenya mwenye kucha ndefu na subira fupi, alivuta kiti. "Kabla ya Bawabu tulikuwa tunazama, jameni. Kila asubuhi umeshinda bahati nasibu. Kila asubuhi kuna mjane ana dhahabu anatafuta mtu mwaminifu. Na dawa za wanaume! Madam alifungua moja mbele ya askofu."

"Moreen," alisema Madam Aber.

"Samahani, Madam. Basi klabu ya kompyuta ikatuwekea Bawabu. Mtu asiyejulikana akiandika, Bawabu anaishika barua yake na kuiweka kizuizini, halafu anamrudishia swali. Akijibu sawa, anajulikana ni binadamu, barua inaingia. Asipojibu, inabaki hukohuko. Tangu wakati huo sanduku letu ni safi kama sahani ya Jumapili."

"Safi kiasi gani?"

"Mwezi huu imeingia barua moja. Ya fundi wa jenereta, tunayemjua zamani."

"Na hukushangaa?"

"Nilimshukuru Mungu. Nilidhani dunia imestaarabika."

Inspekta alizunguka meza mara moja, mikono mgongoni, akapunguza mwendo alipofika karibu na kibodi. Jicho la Madam Aber lilimsukuma aendelee kutembea.

"Mtuhumiwa asimame."

Aliyesimama alikuwa Cleopas Wangila, mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, kijana mrefu aliyezoea kupongezwa na ambaye leo alikuwa hajui mikono aiweke wapi.

"Wangila. Bawabu ni mtoto wako. Ulimfundisha kuuliza nini?"

"'Mbili jumlisha tatu ni ngapi.' Rahisi tu. Hata wewe ungejibu."

"Na bado anauliza hivyo?"

Wangila alitazama viatu. "Sijui."

"Mzazi gani hajui mtoto wake anasema nini?"

"Nenosiri langu limekataa. Nilijaribu kuingia, nikakuta mtu ameshalibadilisha. Nikanyamaza, kwa sababu Madam alisema kwenye paredi ya asubuhi kwamba atakayechezea kompyuta ya ofisi..."

Hakumalizia. Kila mtu chumbani alijua mwisho wa sentensi ile. Katika Shule ya Nuru ya Asubuhi aliyefukuzwa hakuondoka kimyakimya. Alibeba godoro lake kichwani kutoka bwenini mpaka getini, akikatiza uwanja wakati wa mapumziko, shule nzima imejipanga, na wale wa kidato cha kwanza wakipiga ndoo.

"Basi imekwisha!" Inspekta alipiga makofi mara moja. "Mwenye nenosiri ndiye mwenye hatia, na mwenye nenosiri alikuwa Wangila. Madam, mtuhumiwa apelekwe nje, wote mumsindikize, na mimi nitabaki hapa na komp..."

"Wacha upuzi, mla majani!" Wangila aliwaka.

Jina hilo lilimchoma Inspekta. Maharage humvimbisha midomo, kwa hiyo siku za maharage mpishi humpikia yeye peke yake kisufuria chake cha pembeni, na shule nzima imefanya jambo hilo la kitabibu kuwa mzaha. Mpelelezi mashuhuri hapaswi kuitwa mla majani mbele ya mkuu wa shule.

"Nenosiri la kwanza nilimwandikia Bi Moreen," Wangila aliendelea, "akalibandika hapo chini ya kioo cha kompyuta. Kila mwenye adhabu ya kufagia ofisi alilisoma."

"Nani wamefagia?" aliuliza Madam Aber.

Moreen alihesabu kwa kucha. "Wangila mwenyewe, kwa kuchelewa. Benedicte siku moja, kwa kusoma na tochi usiku. Na Inspekta hapa, kwa ajili ya yule mbuzi aliyekutwa chumba cha walimu."

"Mbuzi hakuthibitishwa," alisema Inspekta.

Simu ya Madam Aber ililia. Aliiweka mezani, sauti nje. Ilikuwa ni Mama Mbambu, nyuma yake honi za Nakasero.

"Madam, nimefika. Barua yenu imefika pia, lakini haiingie."

"Haiingii vipi?"

"Binti wa mapokezi anasema wako na mashine yao ya kuzuia wezi. Imeshika barua yenu. Imewatumia kitu cha kubonyeza, mujulikane kama muko batu, hapana mashine. Hamukubonyeza."

"Hatujaona kitu, Mama."

"Anasema mashine yenu ilikishika, ikairudishia yao swali. Madam, minaona haya kulisema."

"Sema."

"'Jumatano jioni tunakula nini?'"

Afande Okwera alisogea nusu hatua ili asikie vizuri.

"Hizo barua tatu za mbele ziliandikwa na mukubwa wao mwenyewe, mutu muzima," Mama Mbambu aliendelea. "Ya kwanza alijibu 'wali na kuku'. Ikamukatalia. Ya pili akajibu 'sijui, munisamehe'. Ikamukatalia. Ya tatu akasema hawa batu wako na dharau. Benedicte iko hapo? Mumwambie mutoto asilie."

"Silie, mama," alisema Benedicte kutoka kwenye benchi, na sauti yake haikuwa ya mtu asiyelia.

"Huyo binti hawezi kuifungua kwa mkono?" Madam Aber aliuliza.

"Hana ruhusa. Mukubwa yuko safarini. Simu yake inaimba muziki tu. Binti ameniambia saa kumi na moja mashine yenyewe inatupa jina, inachukua la mwingine." Simu ilikatika.

"Mzee wa Eldoret!" Moreen alijipiga paji. "Jameni, ndiyo maana! Kuna mzee anapiga simu hapa, analalamika kwamba shule inamwandikia kumwuliza habari za chakula cha Jumatano. Mara kumi na kitu. Siku ya mwisho aliniambia, 'Binti yangu, kama hamna chakula semeni, niwatumie mahindi.' Nilidhani amerukwa na akili. Hajawahi kutuandikia hata mara moja!"

"Hajatuandikia yeye," alisema Wangila kwa sauti ndogo. "Watuma taka huiba anwani za watu wakazitumia kama jina lao. Bawabu hajui. Anamjibu aliyeibiwa."

"Kwa hiyo," alisema Madam Aber polepole, "shule yangu inawatumia watu barua taka."

"Kidogo, Madam."

"Na mashine ya Nakasero?"

Wangila aliinua viganja viwili, akavitazamanisha. "Bawabu wao anasema sisi tujitambulishe kwanza. Wetu anasema wao wajitambulishe kwanza. Wamesimama hivyo wanatazamana. Watatazamana mpaka saa kumi na moja, na baada ya hapo pia. Mashine haichoki."

"Ni kama Afande na mulinzi wa kule," alisema Benedicte, "kila mumoja anangoja mwenzake aonyeshe kitambulisho."

"Mimi siwezi onyesha kwanza," alisema Afande Okwera kwa msimamo.

Joto lilikuwa limezidi. Madam Aber aliketi mbele ya kompyuta, akaufungua ukurasa wa Bawabu. Nenosiri, uliandika ukurasa. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Umesahau?

"Hapo," Wangila aliinama. "Ukibonyeza hapo, anakuuliza swali lake lilelile. Ukijibu sawa, anakufungulia mlango wote, na barua zote za kizuizini unaziona. Kitu cha kubonyeza cha Nakasero kimo humo ndani."

"Swali lenyewe ni la mtoto," alisema Madam Aber, akinyanyua vidole.

"Polepole, Madam!" Inspekta alikuwa ameruka mpaka kwenye kona ya meza. "Ukikosea mara tatu anajifunga mpaka kesho!"

"Sitakosea. Shule nzima inajua." Akaandika herufi moja moja: posho na maharage. Tangu shule ijengwe, Jumatano jioni ni posho na maharage. Wazazi wanajua. Mbwa wa jirani wanajua.

Jibu si sahihi, ulisema ukurasa.

Moreen aliinuka kusoma mwenyewe. Inspekta alitazama dari, akalikuta bati limejaa mambo ya kuvutia.

"Labda aliyeweka ni Mkenya," alisema Moreen. "Sisi hatusemi posho. Jaribu 'ugali na maharage'."

Macho yote yakamwendea Wangila, Mkenya wa pili chumbani. Wangila akaapa kwa mama yake. Madam Aber akaandika.

Jibu si sahihi. Limebaki jaribio moja.

Saa ya ukutani ilikuwa na robo saa tu ya kutoa. Nje kengele ya michezo ililia, na sauti za watu walio huru zikapita dirishani.

"Madam," alisema Inspekta, na sauti yake ya jaji ilikuwa imepasuka mahali, "kwa mara ya mwisho, kwa heshima zote, naomba mtoke wote. Dakika mbili. Nitalitafuta jibu kwa njia zangu."

"Njia gani?"

"Za kipelelezi."

Benedicte alishuka kwenye benchi. Alikuja mpaka mezani, akasimama mbele ya rafiki yake, karibu kama wanavyosimama wanaposukana nywele.

"Wangila," aliuliza bila kumtazama Wangila, "ulimuwekea Bawabu mara ngapi za kukosea?"

"Tano," alijibu Wangila. "Aki, ni kweli, mimi niliweka tano."

"Na kabla kompyuta haijasema, nani alisema tatu?"

Vichwa vyote vilimgeukia Inspekta.

"Mama aliposema mkubwa alikataliwa mara mbili, nilikisia," alisema Inspekta haraka. "Mantiki ya kawaida. Mpelelezi yeyote..."

"Nasike." Benedicte hakupandisha sauti. "Shule yote inakula posho na maharage Jumatano. Weye unakulaka nini?"

Inspekta Nasike Wanyama alitazama mlango. Afande Okwera alikuwa palepale. Alitazama dirisha. Nondo zilikuwa palepale. Alimtazama Madam Aber, kisha saa, kisha Benedicte, ambaye kope zake zilikuwa zimelowa na ambaye hata sasa hakuwa amesema neno baya hata moja.

"Jibu, Inspekta," alisema Madam Aber.

"Kabichi."

"Sema wasikie."

"Posho na kabichi."

Benedicte aliandika mwenyewe. Ukurasa uligeuka mweupe, ukakaa mweupe kwa muda wa kumfanya mtu aokoke, kisha kizuizi kikafunguka na barua zikaanza kumiminika kwenye kioo: wajane, dhahabu, dawa za wanaume, matangazo ya baraza la mitihani ambayo Moreen aliyasoma huku ameshika mdomo, ombi la mzazi aliyetaka kujua kama mwanawe amepona malaria, na katikati yao, kati ya mshindi wa bahati nasibu na mshindi mwingine, barua tatu za Nakasero na kitu cha kubonyeza. Benedicte alibonyeza.

Asante, iliandika mashine ya Nakasero. Tumehakikisha kwamba wewe ni binadamu.

Simu ililia kabla mtu hajasema neno. "Imeingia!" Mama Mbambu alikuwa akipiga kelele, na ilisikika kama vile alikuwa amemkumbatia binti wa mapokezi bila idhini. "Imeingia, wamepiga muhuri! Benedicte! Umesikia?"

Benedicte alisikia. Aliketi sakafuni palepale alipokuwa, akajifunika uso kwa sweta, na Moreen akashuka kuketi naye, kucha na yote.

Madam Aber alizima simu, akageuza kiti.

"Maelezo."

Nasike alijaribu kuweka mikono mgongoni, lakini haikukaa. "Nilikuwa nafagia, Madam. Bi Moreen alikwenda kutengeneza chai. Nenosiri lilikuwa linanitazama. Nilidhani itachekesha, watu wakubwa kutoka ofisi kubwa waulizwe tunakula nini. Nilisema mtu yeyote wa hapa atajibu, na mtu wa taka hataweza. Nikabadilisha nenosiri ili Wangila asirudishe ile hesabu yake. Kwenye jibu nikaandika ninachokula mimi. Sikukusudia, nilijiuliza swali nikajijibu. Halafu nikasahau, Madam. Nilisahau kabisa, mpaka Mama Mbambu alipofika getini leo."

"Na ukajitolea kupeleleza."

"Ili niachwe na kompyuta, Madam. Ningeirudisha kimya, barua ingekwenda, na kesi ingebaki fumbo. Lakini hamkutoka."

"Kama Benedicte asingeuliza," Madam Aber alisema, "ungeacha jaribio la mwisho liende?"

Nasike alimtazama Benedicte pale sakafuni.

"Sijui, Madam," alisema. "Nilikuwa naliona godoro."

Benedicte aliinua uso kutoka kwenye sweta. "Ningekusaidia kulibeba, mujinga weye," alisema. "Ungesema tu."

Hapo ndipo Inspekta alipoanza kulia, bila cheo chochote, pua na machozi, shati limechomoka tena, na Afande Okwera akaliona na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaliacha.

Madam Aber alisubiri mpaka kilio kilipopungua. "Adhabu yako nitaisema kesho paredi. Sasa kuna kitu kingine unataka kuniambia, mlango ukiwa bado umefungwa?"

Nasike alijifuta pua kwa mkono. Alitazama mlango, dirisha, saa.

"Mbuzi alikuwa wangu, Madam," alisema. "Na kengele pia."